Kutafiti uvutano mbadala: kalamu, galaksi, au data ya darubini?

Wanafunzi wa fizikia wakinijia na ndoto ya kutafiti nadharia mbadala za uvutano, huizungumzia kama kazi moja. Kumbe ni kazi tatu. Wanaozifanya wanakutana kwenye makongamano na kusomana makala, lakini mmoja anaamkia karatasi na kalamu, mwingine anaamkia galaksi moja moja, na wa tatu anaamkia data ya mamilioni ya galaksi pamoja na ujumbe arobaini wa wenzake walio mabara mengine. Ukikosea kuchagua, miaka minne ya uzamivu inaweza kukuponyoka. Mimi iliniponyoka zaidi ya mwaka mmoja kabla sijahama kutoka ya kwanza kwenda ya tatu.

Nadharia ya uhusianifu wa jumla, ambayo Einstein aliikamilisha Novemba 1915, imefaulu kila mtihani ndani ya mfumo wa jua. Mambo yanakuwa magumu tukienda mbali. Nyota na gesi za pembezoni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi kubwa kuliko maada tunayoiona inavyoweza kuzishikilia, na tangu 1998 tunajua kwamba ulimwengu unapanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Wanakosmolojia wengi wanajibu kwa kuongeza vitu viwili visivyoonekana: maada ya giza, asilimia 27 hivi ya vyote vilivyomo, na nishati ya giza, asilimia 68 hivi. Maada ya kawaida, nyota na bahari na miili yetu humo humo, inabaki na asilimia 5. Wachache wanauliza kama kanuni yenyewe ya uvutano inabadilika kwenye umbali mkubwa au pale uvutano unapokuwa dhaifu mno.

Kuna jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema. Wapo wanaobadilisha uvutano ili wasiihitaji nishati ya giza, na wapo wanaoubadilisha ili wasiihitaji maada ya giza. Kwa mtu wa nje ni mamoja. Kwa kamati ya ajira si mamoja hata kidogo. Kundi la kwanza liko ndani ya kosmolojia ya kawaida. Hata darubini ya Euclid imewekewa kuupima uvutano miongoni mwa malengo yake. Kundi la pili, la MOND (kanuni ya Newton iliyorekebishwa, nitaieleza mbele), lina vikundi vichache duniani, na wapo maprofesa watakaokunja uso wakiliona kwenye wasifu wako. Sisemi ulikimbie. Nasema ujue unaomba upande upi kabla hujaandika barua ya kwanza.

Njia ya kalamu

Siku ya mwananadharia inakwenda hivi: unaandika mlinganyo mama wa nadharia yako, unautikisa kidogo uone mawimbi gani madogo yanazaliwa, halafu unakagua kama kuna mzimu. Ndiyo, mzimu, ndilo jina tunalotumia kwa wimbi lenye nishati hasi. Likiwemo, hata ombwe tupu haliwezi kutulia, na nadharia yako imekufa kabla haijakutana na nyota hata moja. Wangu niliukuta mwezi wa kumi na nne wa uzamivu. Ilikuwa alama moja ya kutoa mbele ya sehemu ya mlinganyo ambayo lazima iwe chanya. Niliifukuza wiki tatu, nikirudia hesabu kurasa kwa kurasa, nikiomba iwe kosa langu la mkono. Haikuwa.

Mzuri wa kazi hii anaiona alama ile kama mwanzo wa swali. Fierz na Pauli waliandika nadharia ya uvutano wenye masi, yaani ambamo chembe inayoubeba uvutano ina masi, mwaka 1939. Mwaka 1972 Boulware na Deser wakaonyesha kwamba ukijaribu kuikamilisha, mzimu unarudi, na kwa karibu miaka 40 wengi waliihesabu maiti. Mwaka 2010 Claudia de Rham, Mswisi aliyeishi sehemu ya utoto wake Madagaska, pamoja na Gregory Gabadadze na Andrew Tolley, wakapata namna ya kuiandika bila mzimu huo. Ukiwa na moyo wa kukaa na tatizo ambalo wakubwa wamelifunga, njia hii ni yako.

Lakini jiulize pia kama unaweza kuishi bila kutambuliwa kwa muda mrefu. Mwaka 1974 Gregory Horndeski alichapisha umbo la jumla la nadharia zote zinazouongezea uvutano wa Einstein uga mmoja mpya (kitu kisichoonekana kilichoenea anga lote) huku milinganyo ikibaki salama. Makala ile ilikaa miongo ikiwa haina wasomaji wengi. Mwenyewe aliiacha fizikia akawa mchoraji. Ilipofufuliwa karibu mwaka 2011 ikawa lugha ya kila mtu kwenye fani yetu, na leo huwezi kufanya usaili wa nafasi ya nadharia bila kuijua.

Na nadharia inaweza kufa kwa siku moja. Agosti 17, 2017, mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya uvutano kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana kwenye galaksi NGC 4993, miaka milioni 130 hivi ya nuru kutoka hapa. Sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikaona mwako wa miale ya gama. Safari ya miaka milioni 130, tofauti ya sekunde 1.7! Maana yake mawimbi ya uvutano yanakwenda kwa kasi ya nuru, na kama kuna tofauti haizidi sehemu moja hivi katika milioni bilioni. Nadharia ya Horndeski ina vipande vinne tunavyoviita G2, G3, G4 na G5; G5 na sehemu ya G4 ndivyo vinavyobadilisha kasi ya mawimbi hayo. Matokeo yalipotangazwa Oktoba 16, rafiki yangu alisimama mbele ya ubao wa ofisi yetu, akafuta G5 kwa kiganja, akatulia, kisha akafuta nusu ya G4. Sura mbili za tasnifu yake zilikuwa pale. Alimaliza uzamivu, kwa kuzigeuza sura hizo kuwa hesabu ya kilichobaki, ila kile kiganja chenye wino wa buluu sijakisahau. Mwaka uliofuata de Rham na Scott Melville wakatoa tahadhari kwamba masafa yanayosikika LIGO yako karibu na mpaka ambapo nadharia nyingi za namna hiyo zinakoma kuaminika, kwa hiyo hukumu yenyewe ina mjadala. Mwananadharia anaishi katika mijadala ya namna hiyo: kifo, rufaa, kifo tena.

Naipenda sana nadharia ya kinyonga, nayo naitaja kwa sababu inakuonyesha umri unaoweza kuanzia. Amanda Weltman, mwanafizikia wa Afrika Kusini, alikuwa bado mwanafunzi wa uzamivu huko Columbia alipoiandika na Justin Khoury; ilichapishwa 2004. Wanasema upo uga unaobadilika kulingana na msongamano wa mahali ulipo: duniani penye maada nyingi unajificha, angani penye utupu unajitokeza. Ndiyo maana mitihani ya mfumo wa jua haiuoni. Mwaka 2015 wanafizikia wa Berkeley waliutafuta maabara kwa kuangalia atomi za sizi (caesium) zikianguka karibu na tufe dogo la alumini ndani ya chombo cha ombwe, wakabana sehemu kubwa ya mahali ulipoweza kujificha. Kazi hiyo ya maabara ni njia ya nne, nami naipita haraka: nafasi ni chache na inamtaka mtu aliyezoea leza na pampu za ombwe tangu shahada ya kwanza.

Njia ya galaksi

Mordehai Milgrom wa Taasisi ya Weizmann, Israel, alipendekeza mwaka 1983 kwamba uvutano unabadilika pale mchapuko unaposhuka chini ya kiwango fulani, kidogo mara bilioni 80 hivi kuliko ule unaoangusha embe kutoka mtini. Hiyo ndiyo MOND. Kwa namba moja tu inabashiri mzunguko wa galaksi kutokana na nyota na gesi zinazoonekana. Mwaka 2016 Federico Lelli, Stacy McGaugh na James Schombert walichapisha mkusanyo wa SPARC wenye galaksi 175, na uhusiano kati ya maada inayoonekana na mzunguko ulitokea ulivyonyooka hata wapinzani wakakiri unadai maelezo.

Kazi hapa ni ya mikono: unajua galaksi kwa majina, unajua ipi imeinama vibaya na ipi umbali wake una shaka. Nawahusudu wenzangu wa huko kwa ukaribu huo. Mimi sijawahi kuijua galaksi hata moja hivyo.

Udhaifu wa MOND unagusa pwani yetu kwa namna ambayo wengi hawaijui. Desemba 12, 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahususi kwa astronomia ya eksirei, na ndiyo iliyotuonyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi yanatoa eksirei kutoka eneo pana, dalili ya gesi yenye joto kali iliyotanda kati ya galaksi moja na nyingine. Gesi hiyo ina masi kubwa kuliko nyota zote za kundi. Hata hivyo ukiihesabu yote, MOND bado inapungukiwa karibu nusu ya masi inayohitajika. Ukienda kwenye usaili na MOND kwenye wasifu wako, swali la makundi ya galaksi litaulizwa. Uwe na jibu la kweli, usiwe na jibu la kujihami.

Kuna habari njema pia. Kwa muda mrefu MOND haikuwa na nadharia kamili inayokubaliana na uhusianifu. Ile ya Jacob Bekenstein ya 2004, katika umbo lake la awali, iliangushwa na tukio lile la 2017. Mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik wa Prague wakachapisha nyingine ambayo mawimbi yake yanakwenda kwa kasi ya nuru na inaendana na mwanga mkongwe kabisa wa ulimwengu. Mlango umefunguka upya, na kuna hesabu nyingi bado hazijafanywa.

Katika njia hii tabia inahesabika kuliko kwingine kote. Indranil Banik alikuwa amejikita kwenye MOND miaka mingi. Mwaka 2023 yeye na wenzake walipima nyota pacha zilizoachana mbali kwa data ya setilaiti ya Gaia, wakapata kwamba zinamfuata Newton, wakachapisha hivyo hivyo. Kyu-Hyun Chae wa Korea Kusini alitumia data ya Gaia hiyo hiyo akapata kinyume, na ubishi unaendelea. Ukijijua kwamba huwezi kuchapisha jibu linaloipinga imani yako, usiingie huku. Shamba ni dogo, na jina likichafuka halina pa kujificha.

Njia ya data

Euclid ilirushwa Julai 1, 2023, kwa kazi ya miaka sita ya kupiga ramani ya karibu theluthi ya anga. DESI, chombo kilichofungwa kwenye darubini kule Arizona, ina nyuzi 5,000 za kioo zinazoelekezwa na roboti ndogo, kila moja ikinasa nuru ya galaksi yake. Darubini ya Vera Rubin huko Chile ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini yenye sahani 64 inafanya kazi tangu 2018, na sehemu ya SKA, darubini ya redio kubwa zaidi, inajengwa hapo hapo Karoo. Kwa pamoja zinaweza kujibu swali la uvutano kwa njia moja: pima jinsi galaksi zilivyokusanyika kadiri muda ulivyokwenda, pima jinsi nuru inavyopindwa, halafu uone kama vipimo viwili vinaelezwa na uvutano mmoja.

Siku yako hapa ni Python asubuhi na mikutano ya video jioni. Unachukua programu za kukokotoa ukuaji wa ulimwengu kama CLASS au CAMB, au nakala zilizorekebishwa kwa nadharia mbadala kama hi_class na MGCAMB, unaziendesha mara laki kadhaa, unalinganisha na data. Muda mwingi unakwenda kwenye mambo yasiyo na fahari: doa kwenye kamera, vumbi la galaksi yetu, kosa la kukadiria umbali. Nilidhani nitachoka. Nilichogundua ni kwamba mtu anayejua doa lilipo ndiye anayejua kama Einstein kakosea au kamera imekosea.

Tunafanya uchambuzi tukiwa tumejifichia jibu, ili tusilivute upande tunaoutaka. Kila kipimo kikishapita, siku inapangwa ya kulifungua. Mara yangu ya kwanza tulikuwa kumi na wawili kwenye skrini, wengine kwao usiku wa manane. Mmoja alibonyeza kitufe, mchoro ukajichora taratibu, na nukta yetu ikakaa juu kabisa ya mstari wa Einstein. Kimya kilipita, halafu mtu akacheka, tukaanza kupongezana. Miaka mitatu ya kazi, na jibu ni lile lile la 1915. Nililala vizuri usiku ule. Kama wewe usingelala, lifikirie hilo kwa makini, kwa sababu hadi sasa ndivyo vipimo vingi vilivyotoka: Novemba 2024 DESI nayo iliona galaksi zinavyokusanyika kama Einstein anavyotaka. Dalili iliyoongezeka nguvu Machi 2025, kwamba nishati ya giza inabadilika kadiri muda unavyokwenda, ndiyo inayotuamsha mapema siku hizi.

Nikiziweka bega kwa bega

Jina lako. Makala ya nadharia huwa na waandishi wawili watatu, na kila mtu anajua umefanya nini. Kwenye miradi mikubwa majina ni mamia, na DESI peke yake ina watafiti zaidi ya 900. Mwanafunzi asiyeomba mapema kuongoza walau makala moja atamaliza akiwa na orodha ndefu isiyomsemea chochote. Liulize hilo siku ya usaili bila haya: nitaongoza makala ipi, na lini?

Nadharia ikifa. Hapa njia ya data inazishinda zote. Rafiki yangu wa ubaoni alianza upya. Mimi nabadilisha faili moja ya vigezo na kuendelea. Data haijali ni nadharia ipi imeangushwa wiki hii.

Upweke. Mwananadharia anaweza kukaa wiki mbili hajaongea na mtu kuhusu kazi yake. Mtu wa data anaomba wiki moja asiongeleshwe.

Kuhusu ajira nitasema wazi. Baada ya uzamivu kuna mikataba ya miaka miwili mitatu, mara nyingi miwili au mitatu mfululizo, kila mmoja nchi nyingine, kabla ya nafasi ya kudumu ambayo wengi hawaipati. Fikiria mzazi anayeugua nyumbani nawe uko mbali, visa, ndoa. Ukitoka njiani na ujuzi wa takwimu na programu, benki, kampuni za simu, bima na watu wa afya ya jamii wanakuelewa siku hiyo hiyo. Ukitoka na milinganyo ya Horndeski, utahitaji miezi ya kujifunza upya. Unaweza, wenzangu wameweza, lakini hiyo miezi lazima mtu akulishe.

Kwa mtu mwenye familia inayomtegemea, ushauri wangu ni data, chini ya msimamizi ambaye anaandika pia nadharia. Kwa mtu ambaye hesabu zinamwamsha usiku na ambaye hana wa kumtumia pesa kila mwezi, nadharia, na aiingie kwa nguvu zote. Galaksi namshauri yule tu ambaye tayari ameshaumwa na swali lenyewe.

Wapi pa kuanzia kutoka kwetu

Uzamili ndio daraja gumu, kwa sababu vyuo vyetu vingi havifundishi uhusianifu wa jumla kwa kina kinachotakiwa. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanza Cape Town mwaka 2003, ina kituo Kigali na inatoa uzamili wa sayansi za hisabati kwa ufadhili. Itakunoa hesabu na programu, si fizikia yote. Kigali hiyo hiyo kuna EAIFR, taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki, mshirika wa ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia) ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, penye uzamili na uzamivu wa fizikia. ICTP yenyewe, iliyoko Trieste, Italia, iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, ina stashahada ya mwaka mmoja inayolipiwa kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Kwa anayetaka nadharia, hakuna mwaka mmoja ninaouthamini kuliko huo.

Kwa uzamivu, Afrika Kusini ni karibu na ni imara kwenye somo letu: Cape Town wana historia ndefu ya f(R), familia ya nadharia zinazobadilisha mlinganyo mama wa Einstein, na ya kinyonga, na Western Cape wameunganisha uvutano na SKA. Kenya ni mshirika wa SKA, Tanzania haimo, kwa hiyo soma masharti ya ufadhili kwa jicho la pasipoti yako. Uingereza ni miaka mitatu na nusu hadi minne na unaanza utafiti mara moja, hivyo pengo la hesabu litakuumiza mapema. Portsmouth, Nottingham na Imperial wana vikundi vikubwa vya uvutano. Ujerumani na Uholanzi mara nyingi unaajiriwa kwa mkataba wenye mshahara. Marekani ni miaka mitano au sita, inakupokea na shahada ya kwanza, inakufundisha madarasa kwanza. Kwa aliyetoka kwenye chuo ambacho uhusianifu haukufundishwa, miaka hiyo ya ziada ni nafuu kubwa. Maombi mengi ya Marekani yanafungwa Desemba, na mimi mwaka wa kwanza nilianza kutafuta wadhamini Novemba. Usinifuate.

Kabla ya yote hayo, toa mwezi mmoja. Wiki mbili za kwanza, chukua daftari na uipate milinganyo ya f(R) kwa mkono, kuanzia mlinganyo mama hadi mwisho, bila kuangalia jibu. Wiki mbili za pili, pakua data ya SPARC, ni ya bure, uchore galaksi NGC 3198: kasi inayotokana na nyota, inayotokana na gesi, kisha ile iliyopimwa, ambayo inabaki kilomita 150 hivi kwa sekunde hadi pembezoni kabisa ambako nyota zimekwisha. Kisha jaribu kuzipatanisha, kwa maada ya giza na kwa MOND. Andika tarehe na saa kila unapokaa mezani. Mwisho wa mwezi angalia ni wiki zipi ulikaa hadi usiku sana, uniletee daftari hilo, ndipo tuzungumze kuhusu vyuo.